Kamera Nayo Yataka Nyumba Yake

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo wa Nkuhungu, Dodoma)



Leo tutazungumza juu ya kabati. Silo kabati la vyombo, wala la nguo. Ni kabati dogo la kutunzia kamera na vifaa vyake nyumbani.

Najua wako watakaosema, "Mwalimu, mimi sina kamera. Hayo yanihusu nini?" Nawaomba mvumilie kidogo. Kabati hili hili litamfaa mwenye hati ya kiwanja. Litamfaa mwenye vyeti vya shule vya watoto. Litamfaa pia mwenye picha za wazee waliokwisha kututoka. Lakini tuanze na kamera, kwa sababu kamera ni dhaifu kuliko vyote hivyo.

Katika vijiji vyetu, na katika kata kama hii ya Nkuhungu, wako vijana na akina mama wanaokula kwa kamera. Hupiga picha za harusi, za ubatizo, za maulidi, za mahafali ya shule na za vyeti. Kweli, siku hizi watu wengi wana simu zenye kamera. Hata hivyo siku ya harusi mpiga picha bado huitwa, kwa sababu wenye shughuli wanataka picha nzuri za kutunza. Kwa mtu huyo kamera ni jembe lake. Jembe la mkulima likipata kutu, hulinoa. Kamera ikiota ukungu ndani ya kioo, hakuna jiwe la kuinolea.

Sasa jiulizeni: kamera hiyo hulala wapi? Mara nyingi hulala mvunguni mwa kitanda, ndani ya mfuko. Au huning'inia kwenye msumari ukutani. Au huwekwa juu ya kabati la vyombo, karibu na bati la paa. Mtu ametoa fedha nyingi kununua chombo, lakini hajakipa mahali pa kukaa. Hilo ndilo tatizo letu leo.

MAADUI WANNE

Fundi hawezi kujenga boma kabla hajajua anamzuia nani. Anayezuia fisi hujenga namna moja, na anayezuia kuku asitoke hujenga namna nyingine. Kamera ina maadui wanne.

Adui wa kwanza ni vumbi. Vumbi likiingia kwenye lenzi, yaani lile jicho la kioo, picha hupoteza ung'avu. Likiingia kwenye sehemu zinazozunguka, husaga kama mchanga ndani ya kinu.

Adui wa pili ni unyevu. Unyevu ni maji yaliyo hewani ambayo hatuyaoni kwa macho. Ukizidi, huotesha ukungu ndani ya lenzi. Ukungu huo huonekana kama nyuzi nyembamba za utando wa buibui. Ukikaa muda mrefu hutoa asidi inayokula ngozi laini iliyopakwa juu ya kioo. Ikifika hapo, hata fundi akiusafisha ukungu wote, alama hubaki.

Adui wa tatu ni mchwa. Huyu sina haja ya kuwaeleza. Mnamjua.

Adui wa nne ni mkono. Mkono wa mtoto anayetaka kuchezea, mkono wa ndugu anayeazima bila kuuliza, na mkono wa mwizi.

Kabati zuri ni lile linalowazuia hao wote wanne. Likimzuia mmoja na kumfungulia mwenzake mlango, bado halijafaa.

DODOMA SI ZANZIBAR

Hapa nataka msikilize kwa makini, maana ndipo watu wengi hupotea. Kabati linalofaa mahali pamoja huenda lisifae mahali pengine.

Tuanze na Zanzibar. Mwaka 1930 Bwana Ranchhod Oza alifungua duka la kupiga picha katika Mji Mkongwe, likiitwa Capital Art Studio. Baadaye mwanawe, Rohit Oza, aliendeleza kazi hiyo. Picha zao zimetunza sura za watu na mitaa ya Zanzibar ya miaka mingi iliyopita. Hebu fikirini kazi ya kutunza kamera na filamu kisiwani, mahali ambapo bahari imezunguka pande zote na hewa ina unyevu na chumvi. Kwa mpiga picha wa pwani adui mkubwa ni unyevu, na hakosi kumwona mwaka mzima.

Ukungu wa vioo si jambo la kupuuza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, iliyoanza 1939 na kumalizika 1945, majeshi yalipigana katika misitu yenye joto na mvua ya New Guinea, mbali huko kaskazini ya Australia. Darubini zao ziliota ukungu ndani ya vioo hata zikawa hazionyeshi vizuri. Wataalamu wa Australia walilazimika kuutafiti ukungu huo kama wanavyotafiti ugonjwa.

Kwa sababu hiyo watu wa nchi zenye unyevu mwingi waligundua njia. Waliweka balbu ndogo ndani ya kabati na kuiacha inawaka. Hewa ikipata joto kidogo, kabati huwa kavu zaidi na ukungu hukosa nafasi. Siku hizi yako hata makabati ya umeme yanayojikausha yenyewe.

Je, nasi tuige hivyo hivyo? Tuangalie kwanza hali yetu. Dodoma iko katika uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua zetu ni chache, kwa kawaida kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba, miezi saba mizima, ni kiangazi. Hewa ni kavu, upepo unavuma, na barabara za udongo zinatimka vumbi. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na mwaka 2018 ilipewa hadhi ya jiji. Mji unapanuka, watu wanajenga, malori yanapita. Penye ujenzi vumbi halikosekani.

Basi mtu wa Dodoma akiweka balbu iwake mwaka mzima, atalipia umeme wa kukausha hewa ambayo tayari ni kavu. Na mchwa hataogopa balbu. Kwetu hapa adui wa mwaka mzima ni vumbi na mchwa. Unyevu ni mgeni wa miezi mitano. Anakuja na mvua, anaondoka na mvua. Kwa hiyo kabati letu lifunge vizuri ili vumbi lisiingie, lisimame mbali na ardhi na ukuta ili mchwa aonekane, na wakati wa masika liwekewe kitu cha kunyonya unyevu. Hayo ndiyo maneno yote ya leo. Yanayobaki ni namna ya kuyatenda.

PIMA VYOMBO KABLA YA KUPIMA MBAO

Watu wengi humwendea fundi na kusema, "Nitengenezee kabati." Fundi huuliza, "La ukubwa gani?" Mtu hunyoosha mikono: "Kama hivi." Huko si kupima. Ninyi mmejifunza kusoma na kuhesabu. Tumieni kisomo chenu.

Tandika mkeka sakafuni. Panga juu yake kila kitu ulicho nacho: kamera, lenzi, taa ya kumulikia, betri, chaja, kadi za kutunzia picha, waya na vitambaa vya kufutia. Chukua tepu au rula. Pima kila kitu urefu, upana na kimo. Andika kwenye daftari. Kisha ongeza sentimita 5 kila upande, ili mkono uingie bila kugonga kitu kingine. Acha pia nafasi ya kitu utakachonunua kesho. Mtu akianza na lenzi moja, hamalizi na moja.

Nitawapa mfano wa kabati linalotosha kamera mbili na vifaa vyake. Anayetaka dogo zaidi atapunguza.

Kabati letu lina kimo cha sentimita 90, upana wa sentimita 60, na kina cha sentimita 40. Kina maana yake ni kutoka mbele hadi nyuma. Mbao zina unene wa sentimita 2 baada ya kupigwa randa. Tunahitaji:

Mbao za ubavuni: vipande 2, kila kimoja 90 kwa 40.
Juu na chini: vipande 2, kila kimoja 56 kwa 40.
Rafu: vipande 2, kila kimoja 56 kwa 38.
Mgongo: plaiwudi kipande 1, 60 kwa 90.
Mlango: fremu ya mbao na plaiwudi kipande 1, 60 kwa 90.
Miguu: vipande 4 vya sentimita 20, mbao ya mbili kwa mbili.

Mtu ataniuliza, "Mwalimu, upana ni 60, mbona juu na chini ni 56?" Swali zuri. Vipande hivyo hukaa katikati ya mbao mbili za ubavuni. Kila ubavu una unene wa 2. Chukua 60, toa 2, toa 2 tena. Inabaki 56.

Na rafu kwa nini kina chake ni 38, si 40? Tunaacha nafasi ya sentimita 2 nyuma ya mlango ili hewa izunguke kutoka rafu hadi rafu.

Sasa tugawe nafasi ya ndani. Kimo ni 90. Toa ubao wa juu na wa chini, inabaki 86. Toa unene wa rafu mbili, inabaki 82. Chumba cha chini tukipe 32, cha katikati 25, na cha juu 25. Jumlisha mwenyewe: 32 na 25 na 25 ni 82. Hesabu imekubali.

Mbao za moja kwa nane zinafaa. Mbao mbili zikiunganishwa ubavu kwa ubavu kwa gundi, hutoa upana wa karibu sentimita 40. Zikipungua kidogo kwa randa si neno, mradi zote zipungue sawasawa. Ubao wa futi 12 ni kama sentimita 365. Ubao wa kwanza hutoa vipande vinne vya 90. Ubao wa pili hutoa vipande sita vya 56. Ubao wa tatu hutoa vipande viwili vya 56, na kipande kirefu kinachobaki hupasuliwa kwa fremu ya mlango. Kwa hiyo mbao tatu zatosha, pamoja na nusu ya plaiwudi. Mkienda dukani na hesabu hii mkononi, hamtanunua ubao wa nne wa bure.

Fundi akimaliza kuunga sanduku, kabla gundi haijakauka, pimeni kutoka kona moja hadi kona ya kuvukia upande wa pili. Kisha pimeni kona nyingine mbili. Vipimo viwe sawa, karibu sentimita 108. Vikitofautiana, sanduku limekaa upande, na mlango hautafunga. Mlango usipofunga, vumbi limeshinda.

MBAO GANI?

Mninga ni mbao bora. Moyo wake ni mgumu kwa mchwa, na haupindi ovyo hewa inapobadilika. Hilo ni jambo kubwa Dodoma, ambako mbao hukauka sana kiangazi na kuvimba masika. Lakini mninga ni ghali. Mtiki nao ni mzuri. Msonobari, ambao wengi huuita paina, ni rahisi kwa bei, ila mchwa huupenda. Ukitumia msonobari, hakikisha umetiwa dawa.

Mbao yoyote iwe imekauka. Mbao mbichi itajikunja kabatini, na maji yake yataingia kwenye kamera zako.

Ukipaka vanishi au rangi, acha mlango wazi kivulini mpaka harufu iishe kabisa, hata kama ni majuma kadhaa. Harufu hiyo ni mvuke wa dawa. Ukiufungia ndani pamoja na lenzi, utatua juu ya vioo.

MLANGO NA MIGUU

Mlango uwe mmoja, si miwili. Milango miwili hukutana katikati, na pale katikati ndipo vumbi hupita. Tumia bawaba tatu ili usilegee. Ukingo wote unakogusana na mlango, bandika ukanda mwembamba wa mpira. Hata tyubu kuukuu ya baiskeli, ikioshwa na kukatwa vizuri, itafaa. Funga mlango ukiwa umebana karatasi. Vuta karatasi. Ikitoka kwa urahisi, hapo vumbi litapita. Jaribu pande zote nne.

Weka kitasa au kufuli. Funguo ziwe mbili, na watu wawili wa nyumbani wajue zilipo. Baba akisafiri na funguo, kazi ya mama isisimame.

Miguu ni kinga ya mchwa. Ipake oili chafu, lakini miguu tu; usipake ndani ya kabati. Kisha kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili kidogo. Kabati likae mbali na ukuta, kama sentimita 10. Mchwa hupanda kwa kujenga njia ya udongo. Penye nafasi utaiona njia hiyo na kuibomoa. Kabati likigusa ukuta, utakuja kumwona mchwa akiwa amekwisha kula mgongo.

Mahali pa kuliweka pia yafaa pachaguliwe. Usiliweke jikoni, kwa ajili ya moshi na mvuke. Usiliweke penye jua la magharibi, wala karibu na bati la paa, kwa ajili ya joto. Kwa wanaokaa katika nyumba za tembe, mnajua kwamba udongo hudondoka kutoka darini. Tandika kipande cha turubai juu ya kabati na ukikung'ute nje mara kwa mara.

KILA KITU NA CHUMBA CHAKE

Chumba cha katikati ni cha kamera na lenzi. Ndicho kilicho usawa wa mkono, hutainama wala hutanyoosha. Tandika kitambaa safi cha pamba. Lenzi zifunikwe mbele na nyuma. Usiziweke ndani ya mfuko wa ngozi kwa muda mrefu. Ngozi hunyonya unyevu na kuushika.

Chumba cha juu ni cha kadi za picha, picha zilizochapwa, filamu za zamani kwa aliye nazo, na karatasi muhimu. Kadi ziwe katika kijisanduku kidogo chenye majina.

Chumba cha chini ni cha taa, waya, chaja na betri. Kama kamera haitatumika kwa muda, itoe betri. Betri zisichanganywe na sarafu, funguo au misumari. Chuma kikigusa ncha zote mbili za betri, huweza kuwaka moto. Na hili nalisisitiza: usichaji betri ndani ya kabati lililofungwa. Chaji mezani, ukiwa macho, kisha rudisha. Kabati ni mbao na plaiwudi. Moto ukianza humo, hautaishia humo.

Tena, usiache lenzi wazi dirishani penye jua. Lenzi hukusanya jua mahali pamoja na huweza kuunguza pazia. Wala usitazame jua kwa kupitia lenzi. Utapofuka.

Ukirudi kutoka shughulini umepanda bodaboda kwenye vumbi, usitupie kamera kabatini upesi upesi. Ipanguse kwanza nje kwa brashi laini na kitambaa kikavu. Mtu anayeweka kamera yenye vumbi ndani ya kabati na kufunga, amemfungia adui ndani pamoja na mali.

MASIKA YAKIINGIA

Desemba ikikaribia, tafuta vile vifuko vidogo vyenye punje ngumu ambavyo hukutwa ndani ya maboksi ya viatu na mikoba mipya. Dawa iliyomo huitwa silika jeli. Kazi yake ni kunyonya unyevu. Vifuko vichache vya viatu havitoshi kabati lote, maana vingi vimekwisha kushiba kabla hujavipata. Ni bora kununua punje zenyewe, nazo ziko zinazobadili rangi zikishiba. Ziweke katika vikopo vilivyotobolewa matundu, kimoja kila chumba.

Zikishiba, huzitupi. Zitie katika kopo ambalo halipikiwi chakula, uzikaushe nje juu ya moto wa polepole mpaka rangi ya kwanza irudi. Ziache zipoe, kisha zirudishe. Usizikaange kwa moto mkali, zitaharibika. Nazo ziwe mbali na watoto, si peremende.

Ukiweza, nunua kipima unyevu kidogo. Kikisoma kati ya 40 na 50 kwa mia, kabati liko salama. Kikipita 60, kausha punje zako. Kikifika 70 na kukaa hapo, ukungu umekaribishwa.

Wengine huweka kamera ndani ya mchele. Mchele una vumbi lake, na huita panya na mende. Wengine huweka chumvi. Chumvi ikilowa hula chuma. Wengine huweka vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuza wadudu kwenye nguo. Mvuke wake huweza kudhuru plastiki. Yote hayo yaacheni.

Kila juma wakati wa masika, chagua mchana mmoja mkavu usio na upepo. Fungua mlango, toa lenzi, zitazame kuelekea mwanga wa kawaida wa mchana. Ukiona nyuzi kama za buibui, tenga lenzi hiyo na zenzake na uipeleke kwa fundi mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

DAFTARI LA KABATI

Ndani ya mlango tundika daftari na kalamu. Andika tarehe, kitu kilichotoka, nani amekichukua, na siku kilipochukuliwa na kurudi. Kwa kikundi chenye kamera ya pamoja, daftari hili ni muhimu kuliko kufuli. Kufuli humzuia mgeni. Daftari huzuia ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Vikundi vingi havikuvunjwa na wezi, vilivunjwa na neno "nilidhani iko kwako." Mali bila daftari hupotea bila habari.

Andika pia majina ya kadi: harusi gani, mwaka gani. Na picha za maana zitolewe nakala nyingine ikae nyumba nyingine. Kabati linaweza kuzuia mchwa, lakini halizuii nyumba kuungua.

ASIYE NA FEDHA AFANYEJE?

Najua swali hili lipo. Fanya hesabu kwanza. Tuseme kamera na lenzi zake zimekugharimu shilingi 600,000, na kabati fundi anataka 120,000. Gawa 600,000 kwa 120,000. Jibu ni 5. Maana yake kabati ni sehemu moja ya tano ya mali inayolindwa, nalo litadumu hata kamera hiyo itakapozeeka na kununuliwa nyingine.

Kama hata hiyo haipatikani, usikae bure. Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Ioshe, ikauke kabisa. Tandika kitambaa, weka kamera, tia kikopo cha silika jeli, funga. Iweke juu ya kinyago cha mbao au meza, mbali na ukuta na jua. Ndoo haina rafu wala kufuli, lakini huzuia vumbi, unyevu na mchwa. Huo ni mwanzo mwema kuliko mvunguni.

Na asiye na kamera aweke humo hati ya kiwanja, vyeti na picha za familia, kila kimoja ndani ya bahasha safi.

Ndugu zangu, mpiga picha wa kijijini hatunzi mali yake peke yake. Ndani ya kadi zake zimo sura zetu. Mara ngapi mtu amefariki, ndugu wakatafuta picha moja tu ya kuweka kwenye jeneza na wasiipate? Mara ngapi mtoto amekua bila kujua sura ya bibi yake? Wakati ule watu humkimbilia mpiga picha: "Wewe ulikuja kwenye harusi ile, mama alikuwapo." Kama kadi imeliwa na vumbi, au kamera iliharibika kabla picha hazijatolewa, jibu lake litakuwa kimya. Kama iko kabatini, ina jina na mwaka, atainuka, atafungua mlango, na atamrudishia mtu sura ya mama yake.

Kwa hiyo leo mkifika nyumbani, tandikeni mkeka, toeni vyombo, mpime na kuandika. Mafundi wako hapa, mbao zipo, na hesabu mnaijua. 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja maadui wanne wa kamera. Ni yupi msumbufu zaidi nyumbani kwako, na kwa nini?
2. Kwa nini kabati linalofaa Zanzibar huenda lisifae Dodoma?
3. Kabati lina kimo cha sentimita 70, na mbao zina unene wa sentimita 2. Lina rafu moja tu. Vyumba viwili viwe sawa. Kila chumba kitakuwa na kimo gani?
4. Kikundi chenu kina kamera moja na watu sita. Chora kurasa za daftari la kabati mtakalotumia.